Seti ya sproketi za 520 kwa R6: ya nyuma safi, ya mbele imenitia hasira

Naanza na sproketi (gurudumu la meno linalokokota cheni) ya mbele kwa sababu ndiyo iliyoharibu kila kitu. Nilinunua seti kamili ya kuhamisha Yamaha R6 ya mashindano kutoka cheni ya saizi ya 525 kwenda 520, iliyo nyembamba zaidi: mbele chuma meno 15, nyuma alumini meno 46, na cheni ya X-ringi (ile yenye viringi vya mpira vya kutunza grisi ndani ya pini) yenye pingili 120 ya kukata mwenyewe. Ya mbele iliingia kwenye shafti bila kulazimisha, meno ya ndani yakakaa, nati ikafunga. Ukiitazama kwa macho tu utaapa ni yenyewe. Kumbe bega lake, ile sehemu nene ya katikati inayokaa kwenye shafti, ni la pikipiki nyingine, na limeyasogeza meno nje kwa karibu milimita 5.

Milimita 5 kwenye 520 ni balaa. Cheni hizi zote zina umbali uleule wa pini hadi pini, milimita 15.875, ila upana wa ndani ndio unaotofautiana: 530 ni 9.53, 525 ni 7.94, 520 ni 6.35. Tunachagua 520 kwa sababu ni nyepesi na injini haipotezi nguvu kuzungusha chuma cha bure, lakini wembamba huo hauvumilii cheni inayokwenda upande. Dalili zake ni hizi: ubavu mmoja wa meno ya nyuma unang'aa kama kioo huku wa pili ukiwa bado na rangi yake, unga mweusi wa alumini unatapakaa kwenye rimu, cheni inachemka, na ukiachia mafuta unasikia mkwaruzo. Usipojali, viringi vya mpira vya upande mmoja vinaanza kuchungulia nje ya sahani za pingili. Hapo cheni imekwisha hata kama haijarefuka.

Kwa hiyo pima kabla hujafunga. Chukua venia (kipimio cha taya cha milimita), pima sproketi kuukuu na mpya kutoka uso wa bega unaokaa kwenye shafti hadi katikati ya unene wa jino. Nasema katikati, si ubavuni, maana jino la 520 ni jembamba kuliko la 525 na ukipima ubavuni utadanganyika. Ukishafunga, laza ufito wa chuma ulionyooka kwenye uso wa sproketi ya nyuma, uelekee mbele, uone unakutana wapi na ya mbele. Gurudumu liwe limenyooka kwanza. Alama zilizochongwa kwenye swingiamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, usiziamini hata kidogo. Pima kutoka katikati ya bolti ya swingiamu hadi katikati ya ekseli, kulia na kushoto.

Nikarudi dukani na venia yangu na sproketi zote mbili. Kijana wa kaunta hakuinua hata macho kwenye simu. "Boss, kama imeingia ni yake. Igeuze tu." Nikamwambia ukiigeuza meno yanaingia ndani na cheni inasugua injini. Nikamwekea vipimo mezani. Akanijibu kwamba watu wa mashindano tuna maneno mengi, wa bodaboda wananunua na kuondoka, na hela hairudi kwa sababu risiti imeandika hivyo. Aliniudhi kupita kiasi! Mtu wa bodaboda naye akifungiwa sproketi yenye bega lisilo lake anakula cheni ya 428 kabla ya muda wake, tofauti ni kwamba hakuna aliyemwambia sababu. Duka linalouza seti kwa jina la pikipiki lina wajibu wa kujua kilichomo ndani ya boksi. Na la kuweka waasha nyuma ya sproketi ili isogee, ambalo fundi mmoja pale nje alilipendekeza kwa nia njema kabisa, msilifanye. Nati inapoteza uzi wa kushika, na waasha ya kukunja inayoizuia isilegee haikai mahali pake.

Sasa uwiano, yaani meno ya nyuma ukigawanya kwa ya mbele, maana hapa ndipo pesa ilipokwenda vizuri. R6 yangu ilitoka kiwandani na 16 mbele na 45 nyuma, yaani 2.81. Huo ni uwiano wa barabara kuu. Gia ya kwanza peke yake inakupeleka takriban kilomita 110 kwa saa ukifika mizunguko 14,000 kwa dakika. Kwenye kona ya polepole ya kilomita 60 kwa saa injini inazunguka kama 7,600 tu, na R6 iliyo chini ya 9,000 haina cha kukupa. Ongeza na mwinuko wa Nairobi, mita 1,700 na ushei: hewa ni nyepesi, injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu ya sita ya nguvu zake. Pikipiki inatoka kwenye kona haina nguvu. Wenzetu wanaoipeleka pikipiki hiyohiyo uwanja wa Losail kule Qatar, usawa wa bahari, na njia nyoofu ya zaidi ya kilomita moja, wana hesabu nyingine kabisa; wao wakikaribia uwiano wa kiwandani wako sawa. Usinakili meno ya mtu anayekimbia uwanja mwingine.

Jino moja la mbele ni kazi kubwa, karibu asilimia 7. Jino moja la nyuma ni kama asilimia 2. Ndiyo maana 15/45 na 16/48 ni kitu kimoja kwa hesabu, 3.00 kamili. Basi mbele unaruka, nyuma unarekebisha. Ukiwa na 15/46 unapata 3.07, na ile kona ya kilomita 60 inakukuta kwenye 8,300. Ukiwa na 15/48, 3.20, unakuwa 8,700. Kwa uwanja mfupi wenye kona zilizobanana ningekwenda 48 bila kusita. Uzuri wa 15/46 ni kwamba jumla ya meno inabaki 61, sawa na ya kiwandani, kwa hiyo pingili ni zilezile na ekseli inabaki karibu palepale. Kila jino unaloongeza bila kuongeza pingili linaivuta ekseli mbele kama milimita 4. Ukienda 48 ni milimita 8, na pikipiki inakuwa fupi kidogo, nyepesi kuinua gurudumu la mbele. Pia mbele ndogo na nyuma kubwa huongeza mwinamo wa upande wa juu wa cheni, kwa hiyo ukivuta mafuta, nyuma ya pikipiki inainuka zaidi. Usibadili meno matatu halafu ukalaumu shoku.

Namna ya kuchagua: angalia gia ya mwisho unayotumia kwenye njia nyoofu ndefu kuliko zote. Ukigonga ukomo wa mizunguko katikati ya njia, punguza jino moja au mawili nyuma. Ukifika sehemu ya breki injini bado inapanda polepole, ongeza. Lakini msiishie hapo, wengi wanaishia hapo. Tafuta kona unayoingia ukiwa katikati ya gia mbili, ya chini inapiga kelele na ya juu imelala. Jino moja la nyuma linaweza kukuondolea kubadili gia ukiwa umelaza pikipiki, na hiyo ina thamani kuliko kasi ya mwisho.

Kitu kingine kuhusu 15: ni namba witiri, na cheni ina pingili shufwa, kwa hiyo kila jino linakutana na pingili ya ndani na ya nje kwa zamu. Meno 16 hayabadilishani, jino lililoanza na pingili ya ndani linabaki nayo. 15/46 nazo hazina kigawanyo cha pamoja, uchakavu unasambaa. Hasara yake ni kwamba 15 ni ndogo, cheni inajikunja zaidi, na plastiki ya kulinda swingiamu inalika haraka. Ichungulieni kila mnapopaka mafuta.

Na sproketi ya nyuma? Lazima niseme ukweli, ni nzuri sana. Matundu ya bolti hayana mchezo hata kidogo, inazunguka bila kuyumba, na baada ya kubadili ya mbele meno yake yanalika kwa usawa pande zote mbili, ukiacha ubavu ule ulioumizwa mwanzo. Cheni pia ni halisi. Inafungwa kwa pingili ya ribiti, ambayo vichwa vya pini zake hutanuliwa, si klipu, kama inavyotakiwa kwa injini ya nguvu hizi. Kichwa cha pini kikishatanuliwa nakipima kwa venia, kiwe kati ya milimita 5.5 na 5.8, kikipita hapo chuma kinapasuka. Ulegevu napima mahali cheni ilipokaza zaidi, sproketi ya mbele, bolti ya swingiamu na ekseli vikiwa kwenye mstari mmoja.

Nilitaka kuweka nyota moja. Nikiitazama ile ya nyuma naona tatu, labda hata nne, maana alumini ya ubora huo kwa bei hiyo sijaiona kwingine mjini. Halafu namkumbuka yule kijana na simu yake, na sproketi ya 525 ambayo ningeendelea kuitumia bila matatizo, narudi kwenye moja. Ya nyuma nitanunua tena hapohapo. Ya mbele nimechukua kwa muuzaji mwingine, nikaipima mbele yake kabla ya kulipa, na hakukasirika.

Naweka mbili. Wakinirudishia hela ya sproketi ya mbele naongeza ya tatu siku hiyohiyo.