Tairi la Mchangani: Achana na Kashata, Tazama Ubavu

Kila kiangazi watu wakianza safari za Ziwa Natron, napokea lalamiko lile lile: "Dada, nimefunga matairi mapya ya plai 10 (plai ni kipimo cha uimara wa tairi), nimeshusha upepo mpaka PSI 15 kama ulivyotuelekeza, na Prado imezama korongoni hivyo hivyo." Wengine wanatuma na picha. Gari limekaa mchangani hadi difu, lakini ukitazama tairi, limesimama wima na ubavu haujabonyea hata kidogo, utadhani lina 35.

Kwa hiyo leo sina habari na kashata (yale meno ya tairi), kelele za lami wala ulaji wa mafuta. Hayo muuzaji atakueleza hata usipomuuliza.

Upepo tunaushusha ili tairi lilale. Likilala, sehemu inayogusa mchanga hurefuka kwenda mbele na nyuma, uzito unasambaa, gari linapita juu badala ya kuchimba. Sasa, ubavu mgumu unabeba gari wenyewe, upepo uwepo usiwepo. Chukua tairi la 265/70R17 la plai 10, lile lenye namba 121 ubavuni. Namba hiyo maana yake tairi moja linabeba kilo 1,450. Matairi manne yanabeba kilo 5,800, na Prado tupu ni tani mbili na ushee. Kitu gani kitalilaza tairi hilo? Mwenye Jimny ndiye namhurumia zaidi, maana gari lake lina kama kilo 1,100 tu, na bado anauziwa matairi ya pikapu ya mizigo kwa sababu "ni imara, sista".

Ringi pia inahusika. Ubavu mrefu ndio unaolala: wa 265/60R18 una kama milimita 159, wa 265/65R17 una 172. Kama Prado yako ilikuja na ringi ya 18 na unapenda mchanga, tafuta za 17 kabla hujagusa matairi.

Namba moja kwangu ni Yokohama Geolandar A/T G015, 265/65R17 112H, ile isiyoandikwa LT (alama ya matairi ya pikapu za mizigo) mbele ya namba. Ndiyo, nina upendeleo, na sioni haja ya kuuficha. Hiyo 112 ni kilo 1,120 kwa tairi, na Prado ikijaa watu, maji na mahema haifiki tani tatu na nusu, kwa hiyo uwezo unabaki. Kwenye upepo wa 18 linaanza kulala, kwenye 15 limelala hasa. Angalieni tu: Geolandar hiyo hiyo inatengenezwa pia ikiwa na LT, na dukani utapewa iliyopo ukidanganywa kuwa ni moja.

La pili ni BFGoodrich All-Terrain KO2, kwa sharti la herufi C. Ubavuni tafuta maneno "Load Range": C ni sawa na plai 6, D ni 8, E ni 10. KO2 ya C inalala vizuri na inavumilia mawe kuliko Yokohama yangu, na njia ya Engaruka kwenda Ngare Sero ina mawe ya volkano ya kutosha kukata ubavu uliobenuka. Anayepita huko mara kwa mara aliweke hili juu ya chaguo langu, sitabishana naye. KO2 ya E waachieni wanaobeba saruji.

Wenye mkonga (Land Cruiser Hardtop) na ringi za 16: chukueni 7.50R16, si 7.50-16. Hiyo R ni radial, nyuzi zake zinavuka moja kwa moja na ubavu unabonyea. Yenye kistari nyuzi zake zimekatizana kimshazari, ni ngumu na inapata joto haraka. Kama mnatumia tyubu, mimi sishuki chini ya upepo wa 20, kwani tairi likizunguka juu ya ringi linaburuta tyubu na kung'oa valvu. Hata yasiyo na tyubu, chini ya 12 ukikata kona kwa nguvu mdomo wa tairi unachomoka kwenye ringi.

Za bei rahisi: mpya zisizojulikana nyingi ni ngumu kama ubao. Mtumba usinunue kwa kazi hii, mpira uliozeeka ukikunjwa unapasuka ubavuni. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ndefu ya ubavuni; ndiyo tarehe ya kutengenezwa. 2419 ni wiki ya 24 ya mwaka 2019.

Pampu ya kurudishia upepo ununue siku hiyo hiyo ya matairi. Kukimbia lamini na upepo wa 15 ni kulichoma tairi kwa ndani.

Nimewahi kumwomba muuzaji afunge tairi moja, ashushe upepo, nilione likilala chini ya gari kabla sijalipa. Alicheka, akaita wenzake waje kunitazama. Bei nayo alinitajia kwa dola, kana kwamba duka liko Marekani. Halafu akapiga hesabu ya matairi manne, na nilipouliza la spea akanitajia bei ya juu kuliko ya kila moja ya yale manne, eti limebaki hilo tu stoo. Hesabuni matano tangu mwanzo, aina moja, na yaandikwe kwenye risiti kabla fundi hajashika jeki.