Agua na Fuego: upi wa kuogopwa zaidi?

Jijini Antigua, Guatemala, milima hii miwili ya volkano, Agua na Fuego, inaonekana, kila mmoja ukipita mita 3,700. Asili yao ni moja: bamba la Cocos (kipande kikubwa cha ganda la dunia) linazama chini ya bamba la Karibi, na miamba iliyo juu yake inayeyuka.

Fuego hutoa majivu mara kwa mara. Tarehe 3 Juni 2018 wingu la gesi na majivu ya moto lilifukia kijiji cha San Miguel Los Lotes.

Agua umelala, hakuna mlipuko wake ulioandikwa. Lakini Septemba 1541, baada ya mvua kubwa, tope na mawe viliporomoka kutoka huko, vikauangamiza mji mkuu wa Wahispania nchini Guatemala na kumuua gavana Beatriz de la Cueva, aliyekimbilia kanisani. Mimi nauhofia Agua zaidi: Fuego unachungwa, ilhali Agua unahitaji mvua tu.