Mabadiliko kazini: kwa mkupuo au kwa awamu?

Kila taasisi inapobadili mfumo au muundo wake, ubishi huu hurudi.

Kwa gharama, mkupuo huonekana nafuu, kwani hulipii mifumo miwili kwa wakati mmoja. Awamu hula fedha polepole, na wafanyakazi hulalamika, kwa haki, kwamba wanajaza taarifa ileile mara mbili.

Kwenye hatari mambo hugeuka. Aprili 2018, benki ya TSB ya Uingereza ilihamishia wateja wake kwenye mfumo mpya ndani ya wikiendi moja, na hadi wateja milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao. Ukianza na idara moja, kosa la namna hiyo huumiza wachache na hurekebishika. Lakini kuna yasiyogawanyika: Sweden ilipohamia kuendesha magari upande wa kulia, Septemba 3, 1967, hakuna ambaye angependekeza malori yatangulie!

Kuhusu watu, mkupuo bila mafunzo huzaa mgomo wa kimyakimya. Awamu nazo zina ugonjwa wao, uchovu: ya tatu ikifika, mkuu aliyeanzisha jambo keshahamishwa, na watu wamerudia daftari la zamani.

Kama huduma yako haivumilii kukatika na una muda, nenda kwa awamu, ila tangaza tarehe ya kuuzima mfumo wa zamani. Kama sheria imekupa siku moja, au ofisi ni ya watu kumi, mkupuo unatosha, mradi njia ya kurudi nyuma imejaribiwa kabla.