Meno ya mashine ya kukwangua zege na lami: yapi ununue kwanza

Wakuu, watu wakishapata mashine ya kukwangua (ile ya kusukuma, dramu inazunguka chini na meno yamevalishwa kwenye shafti) wengi wanaenda dukani wanabeba meno ya bei ya chini kabisa, afu sakafu ya godauni haijafika hata nusu meno yashakuwa mviringo kama shilingi. Jiulize kwanza unatoa nini na juu ya nini, ndo uchague.

Namba moja kwangu ni meno ya kabaidi, yale ya pembe tano au sita yenye kipande cha tangsteni kabaidi (kitu kigumu sana kuliko chuma cha kawaida) kwenye kila pembe. Kwa zege gumu, kushusha sehemu mbili za slabu zilizopishana urefu, kutia ukwaruzo kwenye rampu ya kupandia magari, chukua haya. Bei ipo juu ndio, ila chuma kitupu kwenye zege gumu kinaweza kuisha ndani ya siku moja ya kazi, na haya yanaendelea kudunda, kwahiyo piga hesabu kwa masaa usipige kwa kipande. Udhaifu wake ni kwamba kabaidi ni ngumu lakini inavunjika, ikikutana na nondo au bolti iliyochomoza ncha inaruka, so kagua sakafu na ukate vyuma vyote kabla hujawasha.

Hapa wengi wanakosea. Tundu la jino ni kubwa kuliko shafti makusudi, jino linatakiwa licheze, dramu ikizunguka linarushwa nje linagonga zege. Ukijaza washa (vile vipete vinavyotenganisha meno kwenye shafti) mpaka meno yamebanana umeua kazi. Na usishushe dramu mno, shusha mpaka yaanze kugusa, ongeza kama milimita 3 hivi, inatosha, ukitaka kina zaidi rudia kwa kukatiza njia ya kwanza. Ukilazimisha, meno yanalala badala ya kugonga, mashine inaruka ruka, na matundu yanapanuka haraka.

Namba mbili ni meno ya kuchonga, yana ncha za kabaidi zilizolazwa kama patasi. Kufuta mistari ya barabarani ile ya plastiki inayomwagwa ya moto, au epoksi (ile rangi nzito ya gundi) na mpira kwenye sakafu, haya yanayashinda hata yale ya kwanza, maana jino la kugonga likikutana na kitu laini linakitwanga tu na kukisambaza, hili linakimenya. Yana upande, lazima ncha zielekee dramu inakozungukia, ukivalisha kinyume hayakati kitu.

Namba tatu, chuma kilichokomazwa, zile nyota. Rangi nyembamba, grisi iliyoganda gereji, kukwaruza lami kidogo, hapo sawa. Kwa lami fanya asubuhi, lami ya saa nane mchana pale Dar inalainika na kunata kwenye dramu.

Brashi za waya ni za kusafisha tu.

Dukani nenda na jino la zamani na venia (kile kipimo cha taya cha milimita): pima tundu la kati, upana wa nje, na unene, vyote vitatu, usikubali "hii inaingia tu". Na beba tupa ndogo, ikwangue ile ncha, tupa ikiila basi hiyo sio kabaidi, rudisha.

Tena tafadhali sana, vumbi la zege lina silika, ukiivuta inaleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu, na haina tiba. Unganisha mashine na vakyumu ya vumbi, kijana wako mpe barakoa yenye chujio la kweli, kitambaa hakizuii kitu.

Mwisho, ukinunua seti mpya nunua na shafti zake. Chomoa ya zamani upitishe kidole, ukisikia mifereji ujue imeliwa, na ikikatika dramu ikiwa inazunguka inaondoka na meno yote ya mstari ule pamoja na dramu yenyewe.