Makumbusho ya Reli Nairobi: tenga mchana mmoja uende

Nimeishi Nairobi miaka mingi nikiipita stesheni ya reli pale mwisho wa Moi Avenue bila kujua habari zake. Makumbusho ya Reli, yaliyo jirani nayo, yamenifungua macho. Yalifunguliwa mwaka 1971, enzi ambayo Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la reli.

Chumba cha picha ni kizuri, lakini utamu uko uani. Pale imesimama injini ya mvuke namba 5918, Mount Gelai, yenye uzito wa tani 250 hivi. Injini za aina yake zilitengenezwa Manchester miaka ya 1950 kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Panda hadi kwa dereva, utazame zile vali na mabomba, uwaze joto walilolivumilia wale watu usiku kucha!

Kuna pia behewa la Charles Ryall, ofisa wa polisi aliyeketi ndani yake pale Kima mwaka 1900 akimvizia simba mla watu. Usingizi ulimchukua, simba akaingia, akamtoa kupitia dirishani. Kusimama mbele ya behewa lenyewe si sawa na kusimuliwa.

Lakini kilichonikaa zaidi ni habari ya stesheni. Reli ilipofika hapa Mei 1899 hapakuwa na mji, palikuwa na kinamasi. Mafundi walihitaji uwanda wa kuweka bohari na karakana kabla ya kuanza kupanda milima ya Kikuyu kuelekea Bonde la Ufa. Mji ukaota kuzunguka karakana hizo. Baadaye ndipo hapa watu walipopandia treni ya usiku ya Mombasa, hadi ilipositishwa mwaka 2017. Siku hizi msafiri wa Mombasa anapandia Syokimau. Stesheni hii ya zamani inatumika zaidi na treni za wakazi wa mjini, asubuhi na jioni.

Ningefurahi kusoma mengi zaidi kuhusu familia zilizoishi nyumba za reli za Muthurwa na Makongeni, maana hao ndio walioiendesha reli.

Ukienda na watoto, anzeni nje jua likiwa bado halijawa kali, kisha mmalizie ndani. Na msiharakishe: muulizeni mhudumu maswali.