Dambeli za Kariakoo: uzoefu wangu, na yule kijana wa kaunta

Mwenye haraka achukue jibu aondoke: usinunue. Nazungumzia zile seti za dambeli, vile vyuma vya mazoezi vya kushika mkononi, zenye visahani vyeusi vya plastiki, zinazokuja kwenye boksi lenye picha ya mzungu mwenye sikspaki. Duka silitaji, sitaki kesi. Ila mtu anayezungukia maduka ya vifaa vya michezo Kariakoo atalitambua kwa dharau tu.

Mimi ni mama mtu mzima. Kitambi ninacho, nyonga ninazo, na kliniki nilishaambiwa nipunguze mwili kabla presha haijanizoea. Kukimbia siwezi, magoti yanalalamika. Jimu ya mtaani kwetu jioni imejaa vijana wanaojitazama kwenye kioo, nikaona bora nipige vyuma sebuleni kwangu watoto wakiwa shule.

Mwanzo ulikwenda vizuri, lazima niseme haki. Naikumbatia dambeli moja kifuani kwa mikono miwili, nashuka taratibu mpaka nikae kwenye kigoda, nanyanyuka. Nilipozoea, kigoda nikakiondoa. Halafu naegemeza mkono mmoja kwenye kiti, mgongo umenyooka, mkono wa pili navuta dambeli kuelekea kiunoni kama mtu anayewasha jenereta ya kamba. Mara 8 mpaka 12, napumzika, narudia. Siku nikiona imekuwa rahisi, naongeza kisahani. Hakuna uchawi mwingine hapo, na anayekuuzia uchawi mwingine ana lake.

Sasa sikia. Asubuhi moja namaliza, naiweka dambeli chini. Nimesema naiweka, sijaitupa, tena juu ya mkeka. Kisahani kikapasuka ubavuni, paa! Kikaanza kumwaga unga wa kijivu. Nikachukua kijiko nikachokonoa: saruji. Saruji na mchanga na vijiwe, vimefungiwa ndani ya plastiki nyeusi iliyong'arishwa. Chuma pekee kwenye boksi zima ni ile fimbo ya katikati na nati zake. Yaani nimenunua kipande cha ukuta.

Hasira zikanipeleka kwa jirani yangu muuza mchele na visahani vilivyobaki. Mizani yake ina stika ya Wakala wa Vipimo, haina ubishi. Kisahani kimeandikwa kilo 5. Mizani ikasoma nne na ushee. Cha pili nacho kina lake, kimemzidi mwenzake kidogo. Kwa hiyo siku zote hizo mkono wa kulia ulikuwa unabeba zake na wa kushoto zake, na mimi nashangaa kwa nini bega moja linauma. Muuza nyanya akichezea mizani anatozwa faini. Huyu anachapisha uongo kwenye plastiki kabisa, kwa herufi kubwa nyeupe, na hakuna anayemuuliza.

Lakini kisahani si ndicho kilichoniandikisha haya. Vitu vinaharibika, tunajua. Nilikitia kwenye kikapu na risiti yangu, nikapanda daladala mpaka dukani. Kijana wa kaunta yuko na simu yake. Nikamsalimia, akaitikia bila kuinua uso. Nikaweka kisahani mezani, mchanga ukamwagika kwenye kioo cha kaunta. Akakigeuzageuza, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili, kisha kwa sauti ya duka zima:

"Mama, hukukikalia kweli hiki?"

Wakacheka. Mbeba mizigo aliyekuwa mlangoni, hata hakuwa wa dukani, naye akacheka.

Nikamwambia, "Mwanangu, nirudishie hela yangu." Akanionyesha chini ya risiti: mali ikiuzwa hairudishwi. Halafu akaniongezea la bure: "Ila mama, kwa mwili huo ungeanza na kuruka kamba kwanza. Vyuma ni vya kina sisi." Kina nyinyi! Mkono wenyewe umejaa saa tu.

Niruke kamba na magoti haya? Nani amemfundisha huyu? Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linataka watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku 2 kwa wiki. Watu wazima, halikusema kina sisi. Na mtu anayepunguza kula ndiye hasa anayehitaji vyuma, maana mwili ukinyimwa chakula haukati mafuta peke yake, unakata na misuli. Na wanawake wenzangu mnaoogopa kuota kifua cha baunsa, tulieni. Homoni ya kiume tuliyonayo ni ndogo mno, baunsa haji kwa bahati mbaya.

Haya, nikivuta pumzi, kuna la kukiri upande wa pili. Mizani ya bafuni haijasogea sana, lakini fundi cherehani wangu amenipunguzia sketi kiunoni, tena ameuliza ninaumwa nini. Ndoo ya lita 20 naipandisha ghorofa ya pili bila kumwita mtu. Nusu ya sifa naipa sahani yangu, ugali umepungua na maharage na dagaa wameongezeka, ila nusu ni ya hizi hizi dambeli za saruji. Kwa anayeanza na kilo chache, akiwa mpole nazo, labda zinaweza kumfaa mpaka...

Hapana. Nimekumbuka kile kicheko. Usinunue.

Ukienda duka lolote, gonga kisahani kwa sarafu. Chuma kinalia, saruji inajibu "pu". Kiombee mizani wakipime mbele yako, wakikataa ondoka. Na kama hela haitoshi, vijana wa mitaani wanamimina zege kwenye makopo ya rangi, wanachomeka bomba katikati, mazoezi yanaenda. Zege yao ni zege tu, hawajaiandika kilo 5 wala kuiita chuma.

Hela yangu bado naidai. Malalamiko ya mlaji yanapelekwa Tume ya Ushindani, na risiti ninayo, hata yale maneno yao ya chini nimeyapiga picha. Visahani vingine nimeshaagiza kwa fundi wa mtaa wa Gerezani, chuma kitupu. Ameniita mama pia, lakini yeye aliniuliza naanzia kilo ngapi.