Vifaa vya kuoshea gari nyumbani Mombasa: pesa ianze kwenye maji na vitambaa

Tazama boneti ya gari jeusi lolote lililokaa Mombasa miaka miwili, jioni jua linapoinama. Utaona mambo mawili. La kwanza ni mikwaruzo myembamba inayozunguka kama utando wa buibui. La pili ni madoa meupe ya duara, kila moja na ukingo wake, yasiyotoka hata usugue vipi. Mikwaruzo imeletwa na kitambaa, madoa yameletwa na maji. Mashine kubwa ya presha haitibu hata moja kati ya haya, na bado ndiyo watu hununua kwanza. Kwa hivyo tathmini hii inaanza na vitu vya bei nafuu, mashine zitafuata.

Kisiwa cha Mombasa kimekalia jiwe la matumbawe, na maji ya visima hupita humo yakibeba chokaa. Ukikaribia bahari, chumvi nayo huongezeka. Tone likikauka juu ya rangi, maji hupaa na madini hubaki. Maji ya chumvi yana ubaya mwingine usioonekana: huingia kwenye mishono ya milango na chini ya sakafu ya gari, hukauka humo, na unyevu wa usiku ukija chumvi ile huuvuta, kutu ikaendelea kula. Anayeosha gari chini kwa maji ya kisima ili kuondoa chumvi ya bahari anaweka chumvi juu ya chumvi.

Kifaa cha kwanza tunachokipa alama zote basi ni pipa la plastiki la lita 210 lenye kifuniko na bomba chini, lililokuwa na chakula wala si kemikali, la kuwekea maji matamu. Maji ya kisima yatumike kulowesha na kuondoa tope la kwanza tu. Ndoo ya shampuu lita 12, ndoo ya kusuuzia glovu lita 12, na kusuuza mwisho kwa mashine dakika nne ni kama lita 24. Jumla haifiki madumu matatu ya lita 20 kwa gari la saluni la kawaida. Wakati wa masika pipa hujazwa bure kutoka kwenye mabati, ila mwaga maji ya robo saa ya kwanza, kwa maana hayo ndiyo yanayoosha vumbi na chumvi ya paa. Maji ya paa la makuti huja na rangi ya kahawia, hayo acha.

Pamoja na pipa, nunua kalamu ya kupimia madini ya maji, ile iliyoandikwa TDS. Ni ndogo kama kalamu ya kuandikia na hukata ubishi wote. Maji yaliyo chini ya 100 huacha alama hafifu sana. Yakipita 300, kausha papo hapo, paneli moja baada ya nyingine. Chujio la resini linalouzwa kwa kusuuza bila madoa ni zuri kwa maji ya mfereji, lakini kwa kisima ni hasara. Resini inayosafisha lita 1,000 za maji ya kipimo cha 100 itasafisha takriban lita 100 tu za maji ya kipimo cha 1,000, kisha unanunua nyingine. Kile chombo cha kulainisha maji nacho hubadilisha chokaa kwa sodiamu, hakipunguzi jumla ya madini. Madoa yatabaki, ila yatafutika kwa urahisi zaidi.

Kwa madoa ya zamani, changanya siki nyeupe na maji sawa kwa sawa, lowesha kitambaa, kilaze juu ya paneli iliyopoa dakika moja au mbili, suuza, kisha osha kwa shampuu. Ukipitisha ukucha na bado ukahisi ukingo, doa limeshachimba na siki haina la kufanya.

Vitambaa ndipo watu wengi wanapobania pesa, na hapo ndipo mikwaruzo inapozaliwa. Sponji ya manjano ina uso bapa: chembe ya mchanga haina pa kuingia, inabaki kati ya sponji na rangi na kuburuzwa kutoka taa hadi taa. Glovu ya maikrofaiba yenye nyuzi ndefu huimeza chembe hiyo mbali na rangi, halafu unaiacha kwenye ndoo ya pili. Weka wavu chini ya ndoo hiyo, osha paneli mbili, kisha mulika tochi ndani. Ule mchanga mweupe uliolala chini ya wavu ungekuwa sasa hivi uko mlangoni. Anza paani ushuke, na sehemu za chini ya milango zipe glovu yake peke yake. Sabuni ya unga na ya vyombo zote huondoa nta. Tumia shampuu ya gari kwa kipimo cha chupa.

Kwa kukausha, taulo la maikrofaiba lenye uzito wa gramu 500 kwa mita ya mraba au zaidi. Kwa kufuta nta, 300 hadi 400 zinatosha. Tazama pindo kabla hujalipa: uzi mgumu wa kushonea hukwaruza kuliko kitambaa chenyewe. Chukua sidii kuukuu, isugue na pindo kwa nguvu mara kumi, kisha iangalie kwenye mwanga. Ikichorwa, kitambaa hicho ni cha tairi. Mataulo ya kuogea ya mtumba kutoka Kongowea nayo yaishie kwenye tairi na vizingiti vya milango. Fua maikrofaiba peke yake, bila Jik na bila dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu dawa hiyo huziba nyuzi na taulo likaanza kusukuma maji badala ya kuyanywa. Anika kivulini, si ukutani ambapo upepo wa kaskazi unapeperusha mchanga.

Sasa mashine ya presha. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni ya presha ya juu kabisa, na kwa gari si ya maana sana. Soma lita kwa saa, kwa sababu maji mengi ndiyo yanayobeba uchafu. Kärcher K 2 ni bar 110, lita 360 kwa saa, wati 1,400. K 4 ni bar 130, lita 420, wati 1,800, na mota yake inapozwa kwa maji. Kwa gari moja la nyumbani K 2 inatosha kabisa. Kama ua lina magari matatu, mota ndogo itachoka mapema, ongeza pesa. Zote mbili hutumia kiungio cha aina yake, kwa hiyo chupa ya povu, ile inayofungwa mbele ya bunduki ya maji kutoa povu la shampuu, ikiwa ya kampuni nyingine itahitaji adapta. Ulizia adapta palepale dukani, mkiwa na vyote viwili mkononi.

Mashine za mtumba kutoka Japani tunazikataa. Nyingi ni za volti 100, na umeme wetu ni 240. Ukichomeka tu, harufu ya kuungua inakuja kabla maji hayajatoka. Kibao cha nyuma husema ukweli, kisome. Transfoma ya kubeba wati 1,400 bila kuhema si rahisi wala si nyepesi. Kuhusu ekstensheni, iwe ya waya wa milimita za mraba 2.5, na uikunjue yote. Ikibaki imezungushwa kwenye roli hupata joto hadi plastiki kulainika. Soketi iwe na swichi ya kukata umeme ukivuja, ya miliampea 30, maana hapa mtu amesimama majini pekupeku na umeme uko mita chache.

Kuvuta maji kutoka kwenye pipa kunahitaji mpira wa kufyonzea wenye chujio na vali ya kuzuia maji kurudi. Ujaze mpira maji kwanza, ndipo uwashe. Pampu ikizunguka kavu, sili zake huharibika. Mashine ikianza kunguruma kwa vipindi, ikivuta na kuachia, kuna hewa inaingia kwenye kiungo. Badilisha mpira wa duara, usikimbilie kwa fundi wa mota. Nozeli iwe ya pembe ya nyuzi 40, ile nyeupe, umbali wa sentimita 30. Nyekundu na ile inayozunguka ni za sementi: zikigusa bampa iliyopakwa rangi upya, rangi hubanduka kama ganda. Ukimaliza, na hasa kama maji ya kisima yalipita, pitisha maji matamu dakika mbili, zima, kisha bonyeza bunduki ya maji hadi presha iishe.

Chupa ya povu ndiyo sehemu inayolalamikiwa zaidi, na mara nyingi kosa ni tundu moja dogo la shaba. Chupa nyingi huja na tundu la milimita 1.25, lililokusudiwa mashine zenye maji mengi. Kwa mashine ya lita sita kwa dakika, badilisha kwa la milimita 1.1. Fungua nati kwa spana, toa la zamani, zungushia la jipya tepu nyeupe ya mafundi bomba, kaza bila kulazimisha. Povu linalotiririka kama maziwa litageuka zito kama cream ya kunyolea. Povu likipungua tena baada ya miezi, toa wavu mdogo wa ndani na uuloweke kwenye siki usiku mzima, kwani chokaa ya maji imeuziba. Povu likae dakika nne au tano gari likiwa kivulini, kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Juani hukauka na kuacha michirizi.

Mashine ya kupolishi ndiyo inayobadilisha gari kwa macho, na ndiyo inayoweza kuliharibu. Tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia, kwa kawaida lina maikroni 40 hadi 50, jembamba kuliko unywele wa kichwa. Kila kampaundi, yaani polishi kali ya kusugulia, inakula sehemu yake na hairudi. Nunua mashine inayozunguka na kutikisika kwa pamoja, yenye mtikisiko wa milimita 15, na sahani ya kushikia pedi ya inchi 5. Ya milimita 21 huenda haraka kwenye boneti lakini husumbua kwenye mikunjo. Ile ya mzunguko mmoja mwachie fundi aliyeizoea. Kufunga pedi kwenye grinda ya kukatia vyuma ni kosa lisilosameheka: grinda huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, na rangi huungua katika sekunde.

Kabla ya kupolishi, vaa glovu nyembamba ya plastiki na upitishe vidole juu ya rangi iliyooshwa. Ikikwaruza kama msasa laini, tumia udongo wa kusafishia rangi pamoja na maji ya shampuu. Udongo ukianguka chini, utupe. Kisha ziba kingo na plastiki kwa tepu, weka matone manne ya polishi ukubwa wa mbaazi kwenye pedi, na ufanye eneo la sentimita 50 kwa 50, mara nne hadi sita, polepole. Chora mstari wa kalamu ya wino mzito kwenye ukingo wa sahani. Ukiuona mstari umesimama, pedi haizunguki, inatikisika tu na kutoa joto, punguza mkono. Polishi ikigeuka unga, paneli ina joto au pedi imejaa, basi sugua pedi kwa burashi baada ya kila eneo. Gari moja linataka pedi nne hadi sita, si moja. Kwa gari lililopita mikononi mwa wengine, kipimo cha unene wa rangi kina thamani yake. Paneli inayosoma zaidi ya maikroni 200 pengine ilishapakwa upya, na huwezi kujua klia yake ni nene kiasi gani.

Vakyumu ya maji na kavu ya lita 15 hadi 20 yatosha. Mchanga wa pwani umejichimbia kwenye zulia, kwa hiyo upige kwanza kwa burashi ngumu ndipo uvute. Ukitaka kuvuta maji, toa filta ya karatasi uvalishe ya sponji.

Kifaa cha mwisho hakiuzwi na wauza vifaa. Ni chupa ya kunyunyizia ya nusu lita, maji matamu na matone machache ya shampuu, pamoja na vitambaa viwili, vyote vikae ndani ya gari daima. Kunguru wa mji huu hawana msimu, na kinyesi chao kikipikwa na jua la mchana huchimba klia kwa saa chache. Lowesha, subiri dakika tatu, lowesha tena, kisha kiinue kwa kitambaa bila kusugua. Kitambaa hicho kisiguse rangi tena kabla ya kufuliwa.